Blanketi la Mama Paulin

Mama alisema anasikia baridi, na familia yetu ilitumia miezi mitano kumpa blanketi. Asije mtu kuniuliza mbona nina hasira. Nitaeleza ilivyokuwa, na wala sitajisafisha, maana na mimi nina fungu langu katika upuuzi huu.

Tunaishi Munigi, pembeni mwa Goma, katika nyumba ya mbao iliyokaa juu ya mawe ya volkano. Achille, mume wangu, amepigilia makatoni ukutani upande wa ndani, lakini upepo wa huku hauhitaji mlango. Mama alihamia kwetu baada ya kumzika baba yangu, Papa Télesphore, akaja na mfuko wa nguo, rozari yake na blanketi mbili za dukani, zile nzito zenye picha ya simba. Kila asubuhi nilimkuta amejifunika zote mbili, na juu yake koti langu, na bado analalamika.

"Kasoki," akaniambia mwezi wa tano, "unishonee blanketi ya vipande. Hizi za duka ni nzito bure, hazina moto."

Kwetu kila jambo lina kitenge chake. Dada yangu Masika alipoolewa, familia nzima tulivaa kitenge kimoja. Parokia ilipofanya yubile, kitenge. Tarehe nane ya mwezi wa tatu, siku ya wanawake, kila mwaka, kitenge. Mama hajawahi kutupa hata kimoja. Alivimwaga vyote kitandani, vingine vimechakaa hadi unaona mkono upande wa pili, na chini kabisa akatoa fulana nyeupe ya mazishi.

Fulana zile tulichapishiwa wote, watoto na wakwe. Kifuani kuna uso wa Papa, mkubwa kama sahani, na chini yake jina lake na tarehe mbili: ya kuzaliwa na ya kufa. Picha ilitolewa kwenye kadi yake ya uchaguzi, kwa sababu hatukuwa na nyingine iliyo wazi. Siku ile alikuwa amepanga foleni tangu saa kumi ya alfajiri, kwa hiyo ametununia. Baba yangu alikuwa mtu wa kucheka, na tumemzika akiwa amenuna vifuani mwetu.

"Na hii uiweke," Mama akasema.

Sawa. Niliviloweka vitenge vyote kwenye maji ya chumvi nione kipi kinatoa rangi, maana kitenge chekundu kimoja cha bei rahisi kinaweza kuharibu kazi ya mwezi mzima. Maji yenyewe tunayabeba kwa bidoni za lita ishirini, kwa hiyo mgongo wangu unakumbuka kila kipande. Nikakata katoni kuwa kipimo, nikakata vipande. Ndani, kati ya vitenge na kitambaa cha nyuma, niliweka blanketi moja la simba, nililolipasua kwa furaha. Fulana ndiyo ilinitesa. Inavutika, haitulii chini ya sindano, na ule mchoro ukiguswa na pasi ya makaa unayeyuka. Ilibidi niishonee kitambaa kigumu kwa nyuma, halafu niipige pasi kwa upande huo, juu ya kitambaa kibichi, huku nimeshika pumzi. Cherehani ikagoma kupita tabaka tatu. Nilivunja sindano nne, nikamalizia kwa mkono.

Uso wa Papa niliuweka katikati. Nilidhani hapo ndipo pa heshima.

Masika akapita kutoka sokoni, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Katikati? Papa kwa tumbo ya Mama?"

"Yaya Masika, ni blanketi tu," nikamjibu; kwetu yaya ni ndugu mkubwa.

"Na siku Mama atageuza blanketi bila kujua, miguu itaenda wapi? Miguu kwa uso ya Papa, Kasoki! Wewe ulifikiria hiyo?"

Sikuwa nimefikiria. Nikafumua. Nani asiyejua kufumua kazi ya mkono kunavyokera kuliko kuishona? Siku tatu nilichokoa uzi, nikauhamishia uso juu, upande wa kichwa. Masika akarudi.

"Sasa Mama akilala, mate itamwangika kwa uso ya Papa."

Nikamuuliza kama anataka niushone hewani. Akakasirika, akampigia kaka yetu Paulin, ambaye ni mkubwa wetu na hapendi jambo lolote liamuliwe bila yeye. Paulin ana nyumba ya tofali kule Himbi na kazi katika shirika fulani, na amezoea vikao. Akalipeleka suala kwenye grupu ya WhatsApp ya familia. Shangazi wa Butembo akatuma sauti ya dakika sita. Binamu aliye Kampala, ambaye hata mazishini hakufika, akapendekeza uso uzungushiwe maua. Walijadili wiki mbili. Hakuna aliyeuliza kama uzi upo, na hakuna aliyemuuliza Mama.

Mama mwenyewe alikuwa akichungulia kila asubuhi, koti langu mabegani.

"Imeisha?"

"Karibu, Mama."

Hatimaye niliuacha uso pale juu, nikanyamaza, nikamaliza siku tano kabla ya misa ya mwaka mmoja tangu Papa afe. Na lilikuwa zuri, kwa nini nifiche? Vile vitenge vya zamani vilikaa pamoja utadhani vilinunuliwa kwa ajili hiyo. Paulin alipokuja kupanga mambo ya misa alilishika kwa vidole viwili, akalinyoosha kwenye mwanga.

"Hii si ya kulalia," akasema. "Hii ni ukumbusho. Watu waione."

Siku ya misa tulilitundika nyuma ya meza ya misa, hapa nyumbani, watu wakajaa hadi barabarani. Padri alipomaliza kuombea akanyunyiza maji ya baraka, na mengine yakaliangukia blanketi. Watu wakapiga picha. Wanawake wawili wa parokia wakanishika mkono wakiomba niwashonee la kwao. Mimi nikasimama wima, nikatabasamu, nikasema asante. Nilipenda sifa zile. Mama alikaa kwenye kiti chake katikati ya wageni, anasugua mikono, nami nikamwona, nikageuka kusikiliza sifa nyingine. Hilo ndilo fungu langu.

Jioni nilipolishusha nilipeleke kitandani kwa Mama, Paulin akanizuia.

"Kasoki, maji ya baraka iko juu yake. Mutu analalia maji ya baraka?"

"Lakini Mama anasikia baridi, yaya."

"Nitamununulia ingine."

Masika naye, aliyekuwa amegombana na mimi juu ya miguu na mate, ghafla akakubaliana na kaka yake kwamba ukutani ndipo penyewe. Achille akapewa nyundo. Alinitazama kwanza, nami nikatazama chini, basi akapigilia misumari sita. Mama akasema, "Iko muzuri," akaenda kulitafuta koti langu.

Paulin hakudanganya. Wiki iliyofuata alileta blanketi jipya la dukani. Lilikuwa na picha ya chui.

Sasa niambie, utaishije na kitu kama kile? Kila siku nalipangusa vumbi, vumbi jeusi la Goma linalorudi kabla hujaweka kitambaa chini. Kila mgeni anasimama mbele yake na kuvua kofia. Watoto wakakataa kula wakiwa wameuelekea ukuta ule, kwa sababu babu amewakasirikia. Nami kila nikipita na sahani namwona baba yangu kwenye foleni yake, na kutoka chumba cha pili namsikia Mama akikohoa. Nilikuwa na hasira na Paulin, na Masika, na Shangazi na dakika zake sita. Nilikuwa na hasira zaidi na mimi, maana nyundo ilikuwa nyumbani mwangu na ningeweza kuing'oa misumari wakati wowote. Nilimwambia Mama nitalishusha.

"Usigombane na ndugu yako," akanijibu.

Nikaacha. Nilijiambia namtii mama yangu. Kusema kweli nilimwogopa Paulin, mwanamke mzima mwenye watoto watatu.

Basi Jumapili moja ya mwezi wa tisa, mvua imerudi, saa tisa ya mchana, Paulin akasimamisha gari nje na kuingia na wenzake wawili wa kazini. Nilikuwa jikoni nachemsha chai. Nilimsikia akiwaambia kwamba sasa wataona kazi ya mikono ya mdogo wake, wataona jinsi familia inavyomheshimu mzee wake. Kisha jina langu, kwa sauti ya kuita polisi.

Nikakimbia. Ukutani kulikuwa na misumari sita na makatoni, basi.

"Wameiba!" Paulin akasema. "Kasoki, wameiba Papa!"

Mimi nilikuwa na mawazo mengine. Nikaenda chumbani kwa Mama, Paulin akanifuata nyuma, wageni wakabaki wamesimama sebuleni na viatu vyao vya matope. Mama alikuwa kitandani. Blanketi la vipande lilikuwa limemfunika hadi shingoni, amelipindua, vitenge vyote vimelala upande wa ndani, na nje unaonekana ule mshono wangu wa nyuma ambao sikutaka mtu auone. Koti langu lilikuwa limetundikwa mlangoni. Simba na chui walikuwa chini ya kitanda. Uso wa Mama ulikuwa na jasho kidogo juu ya mdomo, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu mazishi.

"Mama," Paulin akasema, "unafanya nini?"

"Nalala."

Paulin akainama, akalishika lile blanketi kwenye pindo la juu na kuligeuza kidogo. Papa alikuwa pale, amenuna, shavu lake karibu na shavu la Mama. Lakini chini ya kidevu chake palikuwa na tundu lililokatwa kwa mkasi, refu kama kiganja. Jina lilikuwepo. Tarehe hazikuwepo.

"Nani alikata?" Paulin akaruka. "Kasoki, nani alikata tarehe?"

"Ni mimi," Mama akasema. "Ile maandishi inakuwa ngumu na baridi. Inanikwaruza kwa shingo."

"Lakini Mama, hii ni ukumbusho! Padri alibariki! Huyu ni Papa!"

Mama akalivuta blanketi kutoka mkononi mwake, bila haraka, akaurudisha uso wa Papa ndani.

"Paulin, mutoto wangu. Mimi na baba yako tulilala blanketi moja miaka makumi ine na mbili. Hata siku moja hakulala kwa salon ya wageni. Sasa mulimupigilia kwa ukuta, mimi niko huku peke yangu, kama watu waligombana. Tuligombana lini?"

Nililia, na sikujificha. Nililia kwa aibu, maana tangu mwezi wa tano nilidhani naelewa anachoomba, na nilichowaza mimi ni tabaka tatu na uzi imara. Kaka yangu Paulin, mzoefu wa vikao, aliutazama mshono wangu mbaya. Kisha akainama, akalichomeka pindo la blanketi chini ya godoro upande wa miguu, kwa uangalifu, upande mmoja na mwingine, akanishika mkono tukatoka, akaufunga mlango.

Wageni walikuwa bado wamesimama.

"Samahani," Paulin akawaambia polepole. "Leo hamutaweza kuiona. Wenyewe wamelala."