Mtani wa Golini

Miraji, katibu wa timu ya Mamba ya Garsen, alikuwa na neno moja la kumwambia kipa wake, na wiki nzima lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Neno lenyewe fupi: msimu huu humo kikosini. Lakini wa kuambiwa ni Pekeshe, na Pekeshe ukimwambia nyumba yake inaungua, atakuuliza kama umeleta mahindi ya kuchoma.

Hawa wa leo hawamjui Pekeshe wa siku zile. Miraji alikuja Garsen kutoka kwao Kipini, kwa wavuvi wa pwani, akiwa kijana mwembamba, kakaa kwa shangazi yake, na siku ya kwanza kukanyaga uwanja akamkuta Pekeshe golini, Mpokomo wa Idsowe kando ya Mto Tana, mkubwa kwake kwa miaka kadhaa, ameziba pua. Akatangaza kwamba winga timu imepata, ila mpira sasa utanuka papa. Watu wakacheka. Miraji naye akajibu kuwa afadhali papa kuliko kipa aliyelelewa na viboko migombani. Basi ikawa ndiyo hivyo. Tangu siku hiyo hawakuwahi kusalimiana kama watu. Huyu Mla Papa, yule Kiboko, na asiyewajua angedhani watashikana mashati sasa hivi.

Ah, mpira wa siku zile! Uwanja haukuwa na ua, na ng'ombe wa Waorma wakirudi kutoka mtoni mechi ilisimama. Refa anatia filimbi mfukoni, wachezaji wanakaa chini, ng'ombe wanapita taratibu kana kwamba wao ndio wenye ligi. Hapo ndipo Pekeshe alipopata nafasi ya kumtukana Miraji kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, na mashabiki wakisogea karibu wasije wakapitwa. Wakienda kucheza Wenje juu ya lori, vumbi mpaka kwenye meno, walitaniana njia nzima na njaa haikusikika. Lakini mpira ukianza, huyo huyo Kiboko akishadaka hakumtazama mwingine. Alimtafuta Mla Papa kwa macho, akampelekea mpira mpaka mguuni, na matusi juu yake.

Mipira ile ndiyo iliyomfikisha Miraji Mombasa, akasajiliwa, akawa analipwa mshahara kwa kukimbia, jambo ambalo mama yake hajalielewa mpaka leo. Kutoka Mombasa akaenda kucheza Muscat misimu kadhaa. Huko watu walikuwa na adabu mno. Walimuuliza habari za afya, wakampisha mlangoni, wakamsifu hata alipocheza vibaya. Usicheke: mwanamume yule alilia chumbani kwake kwa upweke, akitamani mtu wa kumwambia kwamba ana miguu ya korongo. Goti lilipogoma akarudi nyumbani, na aliposhuka kwenye stendi ya Garsen sauti ya kwanza kuisikia ilikuwa ya Pekeshe, kutoka ng'ambo ya barabara, ikiwaonya kina mama wafunike vyakula vyao, Mla Papa amerudi. Alicheka pale pale na mabegi yake mkononi, akahisi amefika.

Akafanywa katibu. Maskini, alidhani kuendesha timu ni sawa na kuichezea. Mchezaji hukimbizana na mpira, katibu hukimbizana na watu: nyavu zimeazimwa na wavuvi, refa anauliza chakula chake, jezi ya namba saba imevaliwa na mtu shambani. Hayo yote aliyaweza. Kisha Mamba wakapanda daraja, akaja kocha mpya, Menza, kutoka Malindi. Akatazama mazoezi, akasema kwa upole kwamba kipa amepita arobaini, na mipira ya chini anaizuia kwa dua. Kamati nzima iliinamisha vichwa, maana kila mtu alikuwa ameliona hilo na hakuna aliyethubutu kulisema.

Mweka hazina, Barwako, mwanamke asiyezungusha maneno, ndiye aliyemgeukia Miraji. Mwenye mtani ni wewe, akamwambia, kamwambie wewe. Tena kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi jezi zinagawiwa uwanjani mbele ya mji mzima. Mzee wa watu asije akajipanga mstarini, akangoja, jezi zikaisha hajaitwa. Miraji akaiona aibu hiyo mbele ya macho yake. Pekeshe asingemsamehe, na yeye mwenyewe asingejisamehe.

Akajaribu, wallahi alijaribu. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye baraza ya kahawa, karibu na soko. Alisema waziwazi, "Kiboko, msimu huu hatukuandikishi." Pekeshe alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani, akawaita watu waje wamsikie Mla Papa anavyoota mchana. Mara ya pili akampigia simu. Pekeshe akajifanya analia, akamwita mkewe aje atandike mikeka ya matanga. Mwisho Miraji akamtuma kocha mwenyewe. Menza akaenda, akaeleza kila kitu kwa utaratibu, akarudi amechoka: Pekeshe alikuwa amempigapiga begani, akamwambia amrudishie salamu huyo Miraji aliyemtuma, na kwamba mchezo huo ni wa zamani.

Sasa nani alaumiwe? Miaka yote hiyo Miraji ndiye aliyekuwa akimwambia amezeeka, amepofuka, atolewe golini pasimamishwe mlingoti badala yake. Mzaha mzaha hutumbua usaha. Ukweli ulipokuja haukupata pa kupita, kwa kuwa mwenye kuuleta hakuwahi kuja na kitu kingine ila mzaha.

Ijumaa baada ya swala akapanda bodaboda mpaka Idsowe. Alimkuta Pekeshe nje ya nyumba yake, kando ya migomba, amechutama mbele ya beseni, anafua glavu za kudakia. Ni za kesho hizo. Pekeshe alimwona tangu mbali, akapaza sauti.

"Mama watoto, ficha mikungu! Mla Papa kaja na njaa yake!"

Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Miraji, tena zuri, la kiboko kujitafutia beseni la kuogea. Akalimeza. Na katika kulimeza ndipo alipojua la kufanya, na moyo ukamuuma. Akavua kofia. Akatembea mpaka akamkaribia kabisa, akainamisha kichwa kidogo, kama afanyavyo yeyote aliyefunzwa adabu akiwa mbele ya mkubwa wake.

"Shikamoo, kaka Pekeshe."

Pekeshe alikuwa angali anacheka. Kicheko kikaenda kidogo, kikafifia, kikaisha. Akamtazama Miraji usoni, akiutafuta ule mdomo unaokaribia kucheka, asiuone. Mikono yake ikatulia ndani ya maji.

"Kumbe ni kweli," akasema.

"Ni kweli, kaka."

Mkewe alitokeza mlangoni na ungo mkononi, akawatazama, akarudi ndani. Pekeshe akazikamua glavu, akazianika kwenye kamba, akazinyoosha kidole baada ya kidole. Miraji akasema yote aliyokuwa nayo: kwamba lau ingekuwa shauri lake angemwacha golini mpaka wazeekee humo wote wawili, na kwamba kila goli alilofunga, Mombasa na hata Muscat, lilianzia kwenye mikono ile. Aliyasema bila tusi hata moja. Pekeshe alimsikiliza mpaka mwisho.

Kisha akajipangusa mikono, akaingia ndani, akatoka na kiti cha wageni. Miraji hakuwahi kukikalia tangu aijue nyumba hiyo, maana siku zote walikaa jamvini wakigombea sinia. Pekeshe akakiweka kivulini, akakifuta vumbi kwa kiganja.

"Marahaba," akasema. "Karibu kiti, Bwana Katibu."

Miraji akakaa. Akajifuta macho, akangoja atukanwe, na hakutukanwa.