Kijiko cha Nyumba Mbili

Baba yangu, Mzee Nkuba, alikuwa mtu wa haki mpaka anachosha. Alikuwa na wake wawili, na tangu tuhamie Usangu na ng'ombe wetu hakuna aliyewahi kumkuta amependelea nyumba. Mama mkubwa Kashindye akileta ugali, anakula. Mama yangu Regina akileta wa kwake muda uleule, anakula tena, hata kama tumbo limejaa hadi anahema. Kuacha chakula cha nyumba moja ni kuitukana nyumba hiyo, na baba hakutukana mtu. Ndiyo maana alikuwa na kitambi, na ndiyo maana nusura afe.

Mwaka sabini na saba mkokoteni wa ng'ombe ulimpindukia ukamvunja paja. Hospitali moja ya Mbeya ilimpasua, na aliporuhusiwa akaja kukaa kwangu Iyunga ili awe karibu na kusafishwa kidonda. Mimi na mume wangu Kasian, mfanyakazi wa reli, tulikuwa na vyumba viwili na jiko la nje. Wake zake wote wawili wakaja naye. Nani angekubali kubaki? Jiko langu likawa na mafiga huku na mafiga kule, na wanawake wawili wanaosalimiana vizuri sana asubuhi, kisha hawasemeshani mpaka jioni.

Hospitali walimpa chupa ya mofini, dawa ya maji ya maumivu, kijiko kimoja asubuhi, mchana na jioni. Mama zangu walisikia maelezo vizuri, sina ubishi. Walipofika nyumbani wakaifanyia dawa kile walichozoea kuyafanyia maziwa na chumvi: wakaigawa. Nusu kwa mama mkubwa, nusu kwa mama yangu. Kila nyumba ikampa mume wake kijiko, asubuhi, mchana na jioni. Na yule mtu wa haki akafungua mdomo mara zote mbili, akashukuru mara zote mbili. Mimi niliona chupa mbili nikajua ni dawa mbili.

Haikupita wiki. Baba alilala baada ya chakula cha mchana, akagoma kuamka. Nilimtikisa, nikamwita, nikampiga makofi shavuni, Mungu anisamehe. Pumzi zilikuwa zinakuja kwa kusitasita na midomo imebadilika rangi. Kasian alikimbilia barabarani akasimamisha lori la mkaa, tukampakia juu ya magunia, mama zangu wamemshika kila mmoja upande wake.

Aliyetupokea wodini ni nesi Benedicta, mama wa Kihehe kutoka Mlandege, Iringa, mwenye sauti ya kufukuza kuku. Alimfunua baba macho. Mboni zilikuwa ndogo kama punje za ulezi.

"Amekunywa nini huyu?"

"Dawa yenu, Sista," akajibu mama mkubwa. "Kijiko kimoja tu."

"Na mimi nimempa kimoja tu," akasema mama yangu.

Benedicta akawatazama wote wawili. Hakugomba. Alimwita daktari, na baba akachomwa sindano ya kuipinga mofini.

Hata hatujakaa, baba alifumbua macho, akavuta pumzi ndefu, akapiga ukelele. Mama zangu wakajibu kwa vigelegele, wodi nzima ikageuka kututazama. Lakini ukelele wa baba haukuwa wa furaha. Mofini ilikuwa imefukuzwa, na paja lake limebaki bila mtetezi.

"Sikilizeni, mama zangu," Benedicta akasema. "Sindano hii inachoka mapema kuliko mofini. Ikichoka, anaweza kuzama tena. Sasa hivi hata mkimpa dawa hataisikia, ataomba nyingine na nyingine. Kisha sindano ikiisha, zote zitamwangukia kwa pamoja. Asipewe kitu. Akisinzia, niiteni."

Akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Baba alijua mama mkubwa hatoki bila kufunga vitu vyake kwenye upindo wa kanga. "Kashindye," akasema, jasho likimtiririka, "unayo. Nipe."

"Yaya, Baba Malimi," akakataa kwa lugha ya kwetu, akimwita kwa jina la mwanawe. "Sikupi."

"Nakufa, mama."

"Sikupi."

Hapo mama mkubwa akafungua fundo, akaitoa chupa yake ya mofini. Nilidhani anampa baba. Kumbe alikuwa anampa mama yangu. "Regina, mpelekee Sista. Ikikaa kwangu nitampa."

Mama yangu akaipokea. Nasema kweli, niliogopa. Nilimjua mama. Miaka yote alikuwa anatafuta siku moja tu ya kuonekana yeye ndiye mwenye huruma, na siku hiyo ilikuwa mkononi mwake. Baba naye si mjinga, akaiona nafasi. "Mama Lusia," akamwita kwa jina langu mimi, kwa ile sauti yake tamu, "wewe hunitesi." Mama akasimama katikati ya vitanda, machozi yanamtoka. Nilikuwa nimeshanyanyuka kwenda kumpokonya alipofuta uso kwa mkono wake, akaenda moja kwa moja kuiweka chupa mbele ya Benedicta. Sijawahi kumpenda mama yangu kama siku ile.

Baba akamgeukia mkewe mkubwa. "Nimekuchukia."

"Nichukie, Baba Malimi," akasema, akimpangusa jasho. "Lakini nichukie ukiwa hai."

Mama yangu akarudi, akakaa naye kwenye benchi moja, bega kwa bega. Baadaye baba akatulia. Akatabasamu, akasema maumivu yamepungua, akafumba macho. Mimi nikashukuru. Mama zangu hawakushukuru. Waliruka pamoja wakaita "Sista!" kwa sauti moja, na Benedicta alipofika pumzi zilikuwa zimeanza kusitasita tena.

Akachomwa ya pili. Tulisimama tukikitazama kifua chake.

Kikapanda. Kikapanda tena. Baba alifumbua macho, akanitazama mimi, akamtazama mama yangu, akaendelea kutafuta mpaka akampata mama mkubwa miguuni pa kitanda.

"Bado nimekuchukia," akasema.

Mama mkubwa alicheka, kisha akalia kwa sauti, na mama yangu ndiye aliyemshika.