Waya Mmoja wa Ziada

Tangu tumzike baba kule Chamwino, mama alibaki na maneno matatu tu: ndiyo, hapana na nimeshiba. Tulimleta kwetu Kikuyu, hapa Dodoma mjini, abadilishe mazingira, naye akabadilisha kiti. Alikaa sebuleni kando ya meza ya kompyuta akitazama dirishani, na mimi, ambaye kunyamaza sikujaliwa, nikawa naongea kwa niaba yetu wawili.

Kwa hiyo siku aliponiambia mwenyewe, bila kuulizwa, "Erica, ile sauti ya baba yako bado unayo?" nilikaribia kuangusha mwiko. Ninayo. Mwaka juzi baba alipokuja kliniki ya macho nilimrekodi akisimulia alivyomwoa mama, na mama hakuwepo, hajawahi kuisikia. Simu niliyorekodia ilitumbukia kwenye pipa la maji, bahati nzuri sauti nilishaihamishia kwenye kompyuta ya nyumbani. Kwingine kokote haipo.

"Jioni hii hii nakuwekea, mama."

Kompyuta ile huwa hatuizimi, tunailaza tu. Jioni hiyo ikaniomba niiwashe upya, nikakubali kwa roho safi. Ikaleta nembo yake katikati ya kioo, ikaganda. Nikasonga ugali, tukala, tukaondoa vyombo, nembo iko palepale. Nikabonyeza kitufe mpaka ikazima, nikawasha tena. Nembo. Mume wangu Luka akaja na ufundi wa wanaume wote, akaipiga kofi ubavuni. Nembo.

Mama alikuwa ameshasogeza kiti karibu. Alipoona tunahangaika akasema, "Basi, mwanangu," akakirudisha kiti dirishani. Niliumia sana. Mtu hajaomba kitu tangu msiba, anaomba kimoja, unamnyima.

Asubuhi nikachomoa waya zote, nikalibeba boksi la kompyuta mpaka kwa Mustapha, fundi wetu. Akaliunganisha na kioo chake, akawasha. Likawaka. Akazima, akawasha upya mbele ya macho yangu. Likawaka tena, na picha ya wanangu ikatokea pale na meno yao.

"Mwalimu, hii nzima kabisa," alisema.

Mtu mwenye utulivu angeinakili ile sauti palepale. Mimi nilichoona ni mama na dirisha lake, nikapakia boksi kwenye bajaji na kurudi mbio. Nikaliweka mezani, nikachomeka kila kitu, nikalifunika na kitambaa changu cha kufuma maana vumbi la Dodoma halina adabu, kisha nikaenda kunawa. Niliporudi nikawasha. Nembo, imeganda.

Nilimpigia Mustapha na sikumsalimia. Nilimwambia mambo ambayo mwalimu hasemi mbele ya wanafunzi. Akasubiri nimalize.

"Sasa nisikilize, mwalimu. Usiwashe tena ovyo. Kama diski yake ndiyo inakufa, kila ukiwasha unaimalizia, na vilivyomo vinapotea."

Nikavuta kiti. Nikakaa.

"Lakini kwangu iliwaka," akaendelea. "Kwa hiyo kuna kitu kiko kwako hakipo kwangu. Zima. Chomoa vyote nyuma, bakiza umeme, kioo, kibodi na mausi."

Nikafunua kitambaa, nikaingiza kichwa nyuma ya meza. Nikachomoa printa. Nikachomoa spika. Ukabaki waya mmoja mweupe ambao sikuutambua. Sikuununua mimi na sikuuchomeka mimi. Nikaufuata kwa mkono kama anayefuata kamba ya mbuzi, ukapita nyuma ya kochi, ukaingia kwenye kikapu cha mama, chini ya kanga. Mwisho wake ilikuwepo simu yake ndogo ya vitufe, imeviringishwa vizuri kwenye leso, inachaji.

"Kuna simu," nilimwambia Mustapha.

"Ina memori kadi?"

"Ipo, ile ya nyimbo zake za kwaya."

"Basi ndiyo hiyo. Kompyuta ikiwaka inauliza kila kilichochomekwa kama ndicho cha kuiamsha. Hiyo simu haijibu, nayo inasubiri jibu. Ikiwa imelala tu haiulizi, ndiyo maana hamkuona tatizo mapema. Itoe, kisha uwashe."

Nilimgeukia mama. Nilikuwa nimejiandaa kugomba, nakiri, mdomo ulishafunguka.

"Nilichomeka mimi," alisema. "Jana, na leo ulipoirudisha. Nilimsikia mkwe akisema umeme wa LUKU unakwisha haraka. Nikaona nisitumie wa ukutani, ni wenu. Nikatumia huu wa kompyuta, yenyewe ina umeme wake."

Ugomvi wote ukaniisha. Nilicheka mpaka nikashika meza. Mama hakuona cha kuchekesha.

Nikawasha. Nembo ikaja. Nikahesabu moyoni, nikasahau nimefika ngapi. Nembo ikaondoka na picha ya wanangu ikatokea. Kabla ya kitu kingine chochote nikanakili ile sauti kwenye simu yangu, na kwenye ya Luka, kisha nikarudisha spika na kumwita mama.

Baba akakohoa kwanza, kama kawaida yake. Halafu akaanza, kwa Kigogo chake cha taratibu: alivyokwenda ukweni mara ya kwanza, akaandaliwa mlenda, na mlenda ule ulikuwa na mchanga. Alitafuna akanyamaza, alisema, maana ng'ombe wa mahari walishaingia zizini na kuwarudisha ni kazi.

Mama alikaa wima.

"Mchanga gani?" alisema. "Siku ile alipika dada Ruthu. Mimi nilikwenda kuchota maji."

Baba hakumsikia, akaendelea. Maisha yake yote hakuna mtu aliyeweza kumkatiza akianza kusimulia, na mama alikuwa wa kwanza kushindwa.

"Erica," mama akasema, akinyoosha kidole kwenye kioo. "Huyu unaweza kumsimamisha?"

"Naweza."

"Msimamishe. Na mimi niseme."

Nikabonyeza, baba akanyamaza, na mama akaanza kumjibu. Luka alirudi kazini akamkuta bado anasema.