Shati Langu Kwenye Kaunta

Kahawa ilishuka kwenye kola ya Wendell, ikaingia mgongoni, naye akafunua ukurasa mwingine wa kitabu chake cha jiografia kana kwamba mvua inanyesha kwa jirani.

“Tulikubaliana maji, Roscoe,” alisema Mwalimu Pruitt.

“Wazungu wa dukani nao watakuja na maji?” nikajibu, kikombe kitupu mkononi.

Wote wakacheka. Kuchekesha nilikuwa bingwa, na ndiko kulikoniponza.

Tulikuwa chini ya kanisa letu, huko Carolina, kusini mwa Marekani, mwaka wa 1960, tukijifunza kutukanwa. Ubao wa kupigia pasi ndio uliokuwa kaunta. Jumamosi wanne wangekwenda kuketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la mjini, ile isiyomhudumia mtu mweusi, wabaki pale bila kujibu neno wala ngumi.

Wiki ya kwanza niliketi mimi. Wendell, rafiki yangu tangu utotoni, akaigiza mzungu. Alitukana kama anayeomba chumvi. “Ondoka hapo, wewe… mtu mbaya.”

Nikageuka. “Bwana wee, hata mama yako akikosa sabuni anatisha kuliko hivyo.”

Watu walishika mbavu. Mwalimu Pruitt akakata jina langu kwenye orodha ya wanne.

“Watakuua wewe na wenzako watatu,” alisema. “Mmoja wa hao wanne akishindwa, nitakufikiria tena.”

Wendell akapewa kiti changu, mimi nikawa mzungu wa kudumu. Kila jioni nilimtazama, yeye ambaye hajawahi kufikisha kichekesho mwisho, amekaa wima kama msumari, na Lavinia, msichana wa kundi letu, akimpangusa mabega kwa leso yake. Leso ambayo mimi niliiomba mara mbili nikiwa na mafua ya kweli.

Kwa hiyo Alhamisi ile ya kahawa sikuwa naigiza. Niliinama, nikamnong’oneza siri aliyonipa mwenyewe: kwamba mzungu alimsukuma barabarani, na baba yake, mbeba mizigo wa hoteli, akamwomba yule mzungu radhi.

“Na wewe ni mwanawe,” nikasema.

Geuka, niliomba moyoni. Geuka unipige.

Alikandamiza kidole juu ya ramani ya Brazili. Hakugeuka.

Shati nililolimwagia kahawa ndilo jeupe pekee alilokuwa nalo. Kesho yake nikampelekea langu. Alilipokea, akalinusa.

“Lina chawa?”

“Wawili. Wamesoma.”



Jumamosi nilisimama ng’ambo ya barabara. Kupitia kioo niliona shati langu kwenye kiti cha tatu, na migongo ya wazungu ikilizunguka mpaka likapotea. Saa nane polisi walilitoa nje, likiwa na haradali hadi kiunoni. Hata shati langu lilichaguliwa.

Walimfunga siku tisa. Alipotoka alinirudishia, mama yake amelifua na kulipiga pasi, ila chini ya kola palikuwa na tundu jeusi la sigara.

“Walikuambia nini?” nikauliza.

“Mengi.” Akafikiri kidogo. “Hakuna lililofikia lile lako la Alhamisi.”

Alipoondoka nililivaa lile shati, nikapeleka mkono nyuma, nikapapasa hadi kidole kikapita tunduni na kugusa ngozi yangu, nzima kabisa.