Jina Nililompa Jirani

Kila siku kabla ya alfajiri nilisikia mwiko ukigongwa mara mbili kwenye ukingo wa sufuria, upande wa pili wa ukuta. Maana yake niliijua: uji uko tayari, lete kikombe. Aliyegonga ni jirani yangu, Robo.

Jina hilo nilimpa mimi.

Tulikuwa tunachuma chai kwenye shamba moja karibu na Kapsoit, mwaka wa 1967, na wengi wetu tulikuwa tumetoka Kisii. Pale layini, kwenye safu za nyumba za wafanyakazi, mwanamke hakuitwa jina lake. Ukizaa, unaitwa mama ya mtoto wako wa kwanza, na hiyo ndiyo heshima. Mimi nilikuwa Mama Nyaberi. Lakini yule jirani alikuja peke yake, ameachwa na mume kwa sababu hakupata mtoto. Siku ya kwanza aliniambia jina lake, nami nikamwambia langu. Lake nikaliacha lipite.

Alichuma polepole, majani mawili na chipukizi, hakuvunja tawi hata moja. Jioni moja kwenye mizani nyapara wetu, Kipkorir, alichungulia kikapu chake akatikisa kichwa.

"Hii ni robo ya kikapu, mama."

"Mama ya nani?" nikadakia. "Huyo hana wa kumfanya mama. Mwite Robo tu!"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Hakuna aliyefikiria kikapu tena. Kila mtu alielewa kwamba nimesema yeye ni robo ya mwanamke. Yeye pia alicheka kidogo, akainama kufunga kamba ya kikapu ambayo ilikuwa imefungwa tayari.

Tangu hapo nyapara akawa anaita kutoka juu ya mlima, kwa matamshi yake ya Kikipsigis, "Ropo! Leo umeleta majani ama umeleta kikapu?" Naye anaitika.

Nilipokuwa na mimba ya pili, mgongo uliniuma sana. Robo alikuwa akihamia mstari wangu na kutia majani yake kwenye kikapu changu, konzi kwa konzi. "Usiiname sana, Mama Nyaberi." Kikapu chake kilizidi kuwa chepesi, na jina likazidi kumkaa. Nilipojifungua ndipo alipoanza kunipikia uji.

Asubuhi moja mwezi wa Agosti mwaka uliofuata, wenzangu wakiwa shambani, mzee alifika mlangoni kwangu. Alikuwa amebeba viatu mkononi kwa ajili ya matope.

"Mama, namtafuta Marcella, binti ya Ongeri. Mimi ni Gekara, mjomba wake. Mama yake amelazwa hospitali ya Kaplong, na anamwita."

Nilifikiri. Nawaambia ukweli, nilifikiri sana. Mkononi nilikuwa nimeshika kikombe cha uji wake.

"Baba, hapa hakuna Marcella. Labda layini za chini."

Nilimpa maji, akanywa, akanishukuru, akaenda. Layini za chini nako hawakumjua.

Siku tisa baadaye habari zilimfikia Robo sokoni Kapsoit: mama yake amekufa na amezikwa. Alirudi analia njiani, "Mimi Marcella! Mama alikuwa ananiita, mimi Marcella!" Nilisikia jina hilo nikiwa naanua nguo, nikakaa chini palepale kwenye nyasi.

Nilimsindikiza kwenye matanga. Mjomba wake alimwambia, "Nilikuja, mtoto wangu. Niliuliza kila mahali." Robo akamjibu mbele ya watu wote, "Wewe ni mwongo. Hukuja!" Mimi nilikuwa nyuma ya wanawake, leso imefunika kichwa mpaka machoni. Mzee hakuniona. Nilikuwa na mdomo, na sikusema.

Miaka saba sikusema. Yeye alihama, akapata kipande cha shamba Roret na ng'ombe mmoja. Mwaka wa 1975 nilipanda mpaka huko nikamtafuta. Alinikumbatia, akaniketisha jikoni, akaanza kukoroga uji kana kwamba tulionana jana. Alipogonga mwiko mara mbili nilishindwa kuvumilia.

"Marcella," nikasema. "Mjomba wako hakusema uongo. Alifika. Alinikuta mimi, nami nikamwambia hakuna mtu kama huyo. Nilikuwa nimelisahau jina lako."

Alisimama na mwiko. Uji uliumuka ukamwagika motoni, na hakuna aliyeuondoa.

"Ulimpa maji?" akauliza mwishowe.

"Nilimpa."

"Alisema hivyo. Kwamba mama mmoja pale layini alimpa maji. Nikamwambia hata hayo maji ni uongo." Alijifuta uso kwa kiganja. "Tangu siku hiyo sijakanyaga kwake. Sasa amezeeka, haoni vizuri."

Sikuomba msamaha, nilijua sio wakati wake. Alinimiminia uji uliobaki, kikombe kikajaa. Yeye hakunywa.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Nilipokuwa nimeshaanza kuteremka, aliniita.

"Jumapili uje tena. Tutaenda kwa mjomba, wewe na mimi, umwambie kwa mdomo wako."

Niligeuka. Alikuwa ameshika nguzo ya uzio kwa mikono miwili.

"Utakuja, Mellen?"