Kura za Upande wa Ziwa

Mimi ni Sultani bin Nawaf bin Saidi. Babu yangu Saidi aliuza chumvi na kaniki tangu mji huu ukiitwa Usumbura, na wakubwa wa milimani walimwita awe shahidi wa mahari zao kwa sababu hakuwahi kubadili kauli. Baba yangu Nawaf ndiye aliyeleta maji kwenye kilima chetu, juu ya Kibenga, kwa bomba alilolitandaza kwa mikono yake na ya majirani. Tangu siku hiyo prezida wa komite ya maji ametoka nyumbani kwetu: kwanza yeye, kisha mimi. Nilikusudia kuzikwa nikiwa na cheo hicho.

Mwaka jana Jovithe, kijana abebaye abiria kwa pikipiki, alijitokeza kukitaka. Sera yake ilikuwa moja tu: kila mtu aoshe pikipiki yake bombani apendapo. Mimi hufunga bomba jioni kwa saa ile ile, iwe harusi au matanga, na mwenye kuosha pikipiki humwelekeza ziwani.

Mjukuu wangu Muadh, asomaye elimu ya siasa katika chuo kikuu, alizunguka kilima kizima akiwahoji watu. Kazi hiyo aliiita ankete.

"Babu, utashinda," akaniambia. "Wa msikitini ni wako, na wajane wote. Wa kanisani wamegawanyika. Wenye pikipiki ni wa Jovithe."

"Na bibi yako?"

"Bibi amekataa kujibu. Anasema kura ni siri."

Siri yenyewe ni ndogo, maana kwetu tunachagua kwa mistari. Wagombea huelekeza nyuso zao kwenye tangi la maji, kila mmoja upande wake, na watu hupanga mstari nyuma ya wampendaye. Mgombea haruhusiwi kugeuka mpaka hesabu ikamilike, asije akawawekea kinyongo waliomkimbia.

Tangi letu ni la saruji, refu kupita nyumba. Kwa haki ya umri nilichagua upande wa ziwa, walikotokea wazee wangu. Jovithe akabaki upande wa milima, jua la asubuhi likimchoma kisogoni. Nyuma yangu nikasikia umati ukijipanga. Nikasikia hata pikipiki zikisukumwa na kuegeshwa, nikafurahi kwamba ankete ya Muadh ilikosea kwa faida yangu.

Katibu wetu, mwalimu Valéry, alikuwa ameanza kuhesabu niliposikia kikohozi nikijuacho. Kilikuwa cha Ilyasi, ndugu wa mke wangu, ambaye anakaa chini Kibenga na hajapata kuchota maji yetu hata siku moja.

"Ilyasi," nikasema bila kugeuka, "unafanya nini hapa?"

"Nakuongezea, shemeji."

"Toka."

"Mutu moja tu, shemeji. Nani atajua?"

"Mimi."

Nikamtaka Valéry asimamishe hesabu, awahakiki wapiga kura wote, nyumba kwa nyumba. Akaja kuninong'oneza sikioni.

"Mzee, unashinda. Mstari wako umefika mpaka kwa Léoncie muuza ndizi. Acha nimalize."

"Hakiki, mwalimu."

Akahakiki. Watu wakabishana kuhusu wapangaji, kuhusu wake wa pili, na kuhusu mkwe mmoja ambaye hakuna aliyekuwa na hakika analala wapi. Adhuhuri ikatukuta hapo. Wengine tukaenda kuswali, wengine wakaenda kula, na tuliporudi kupanga mistari upya, jua lilikuwa limeshavuka tangi. Nikasimama pale pale, sasa kisogo kinachoungua kikiwa changu. Pikipiki zikawashwa, zikazunguka kwenda upande wa pili.

Nyuma yangu nikamsikia Pontien, fundi cherehani, akinong'ona na Khadidja, jirani yake.

"We si ulikuwa huku asubuhi?"

"Asubuhi kulikuwa na kivuli."

"Na Mzee je?"

"Mzee iko na kofia."

"Hata wale wa pikipiki walikuwa huku."

"Walikuwa huku sababu ya viti vyao. Kiti cha pikipiki kikishika jua, utakikalia weye?"

Nyayo zao zikaondoka pamoja.

Nilitamani kugeuka. Neno moja lingetosha, na kwa kumstahi marehemu baba yangu baadhi yao wangerudi. Lakini kanuni ya kutogeuka niliitunga mimi mwenyewe. Nikaendelea kuitazama saruji.

"Prezida ni Jovithe," akatangaza Valéry. "Munaweza kugeuka."

Nikageuka. Walikuwapo wawili tu: mke wangu Miza chini ya mwavuli, na katekista Népomuscène, taulo kichwani, jasho likimtiririka. Bwana huyu hajanisalimu vizuri tangu harusi ya binti yake Orlane.

"Nawe umebaki?" nikamuuliza.

"Mi sikupendi, Mzee," akajibu. "Siku ya Orlane ulifunga maji na sufuria zetu zote chafu. Lakini saa ilikuwa imefika kweli. Na leo nimesikia umefukuza shemeji yako."

"Mbona hukuhamia kivulini kama wenzako?"

"Nilikuwa nimekwisha chagua."

"Mimi usinishukuru," akasema Miza. "Nina mwavuli, na kule kuna kelele."

Muadh akatokea upande wa pili wa tangi, mkavu, bila tone la jasho. Akadai alikuwa kule kwa ajili ya utafiti. Nikamuuliza utafiti umegundua nini. Akasema hakuwa ameuliza watu swali lolote kuhusu jua.

Jioni ile nilimpa Jovithe mkono mbele ya watu wote, nikamwita prezida.

Sasa nisikilizeni, wajukuu zangu, na ninyi vijana wote wa kilima hiki mnaobishana kuhusu vyama mpaka sauti zinawakauka. Siwaagizi mumchague nani. Nawadai jambo moja: ukishamchagua mtu, simama nyuma yake mpaka uhesabiwe, hata kisogo kikiungua. Asiyeliweza hilo abaki nyumbani kwake na asituletee maoni. Muadh, usitabasamu. Wewe ndiwe wa kwanza ninayekuambia.