Maili Arobaini za Ndugu Masele

Haya yote ni kweli, tangu mstari huu hadi wa mwisho. Naapa kwa macho yangu mawili. Moja lina mtoto wa jicho, lakini mwaka ninaousimulia yote mawili yalikuwa yanaona vizuri. Ninaandika kwa sababu mkwe wangu aliyeko Dar es Salaam, anayepanda ndege kama wengine tunavyopanda baiskeli, alinipigia simu juzi kuniuliza kama inafaa mtu kuhangaika mpaka apate kadi ya juu kabisa ya shirika la ndege. Nikamwambia haifai. Akasema, "Baba, wewe haya mambo umeyajulia wapi?" Basi na asome.

Mwaka 1975 duka la Dolatbai lilikuwa Ng'ambo, hapa hapa Tabora. Dolatbai aliuza vitenge, sufuria na tambi za taa, na kwenye kona alikuwa wakala wa shirika dogo la ndege lililoitwa Mwewe, lenye ndege mbili za panga boi. Karani wa tikiti nilikuwa mimi, Silasi. Meza yangu ilikaa kati ya mzani na magunia ya nta. Mzani ulikuwa wa asali na nta ya Sikonge, lakini mizigo ya abiria ilipimiwa juu yake hiyo hiyo, na masanduku mengi yalishuka Dar es Salaam yakifuatwa na nyuki.

Mwewe liliwapa abiria wake maili za zawadi. Ukienda Dar es Salaam na kurudi ulipata maili moja, karani aliigonga muhuri kwenye kijitabu chako ulipokata tikiti, nayo ikahesabiwa ukisharudi. Ukifikisha arobaini ulipewa kadi ya dhahabu. Kwa kuwa ulikuwa wakati wa Ujamaa na haikufaa kusema kuna abiria wa juu na wa chini, kadi hiyo iliandikwa "Ndugu Msafiri Mwandamizi". Kila tarehe thelathini Septemba vijitabu vilifungwa. Aliyepungukiwa, maili zake zote zilifutwa akaanza upya. Aliyetimiza arobaini, zilikuwa zake maisha.

Fomu ya kuombea kijitabu ilikuwa na nafasi ya kuandika jina la kijiji chako. Maili zilitoka huko.

Masele alikuwa ofisa wa vijiji. Mwaka uliotangulia yeye ndiye aliyesimamia watu kuhamia Mtakuja, kijiji kipya kwenye msitu wa miombo, baada ya nyumba zao za zamani kubomolewa. Waliponung'unika kwamba pako mbali, aliwaambia zahanati iko maili mbili tu kwenye barabara ya kuja mjini, hata mwenye mimba atafika kabla uji aliouacha mezani haujapoa. Alisema kweli. Ilikuwa maili mbili. Kwenye fomu yake ya Mwewe akaandika kijiji: Mtakuja.

Babu yake Masele alikuwa mpagazi. Alifika pwani mara saba na pembe ya ndovu begani. Unyamwezini siku zile, mwanamume ambaye hajafika pwani alihesabiwa mtoto hata kama ana mvi, na safari za pwani zilitajwa kwenye ngoma kama watu wanavyotaja ng'ombe wao. Wazee wa Mtakuja hawakuona sababu ya kuacha desturi hiyo kwa kuwa tu siku hizi mtu anakwenda amekaa. Kila Masele aliporudi kutoka Dar es Salaam alisimama uwanja wa kijiji na kutaja hesabu, kumi na mbili, kumi na tatu, na wanawake wakapiga vigelegele. Ndipo akakolea. Alihudhuria semina za mbolea, semina za ufugaji wa kuku, na moja ya uvuvi wa bahari kuu. Semina zilipokwisha alijipelekea simu za maandishi za kujiita mwenyewe.

Wa kwanza kuona jambo alikuwa shemeji yake, Lugembe, aliyemuoa Siwema, dada yake Masele. Lugembe alikuwa akipeleka asali kwa baiskeli. Zamani alivuta sigara mbili toka nyumbani hadi zahanati. Mwezi Machi alivuta sita. Kufikia Saba Saba alimaliza pakiti na kuanza nyingine.

Kila Masele alipogongewa muhuri akaenda na kurudi, barabara ya Mtakuja kwenda zahanati iliongezeka maili moja. Iliongezeka katikati, na ardhi iliyoingia haikuwa mpya. Ilikuwa ile ya njia ya zamani ya misafara, ikaja na miti yake mikubwa, mizinga ya nyuki ikiwa imeshatundikwa, na kambi zenye mafiga yenye moto. Wapagazi walikuwa wamekaa humo na mizigo yao pembeni. Ukiwasalimu "wangaluka" waliitikia vizuri, kisha wakaomba tumbaku. Serikali ilipoandikiwa barua alikuja fundi wa barabara, akapima, akapigilia mawe ya maili palipokosekana, akaandika kwamba barabara ni sahihi na ni wananchi waliokuwa wamekosea.

Siwema alikuwa na mimba ya kwanza. Muuguzi wa zahanati alimpapasa akamwambia, "Mama, nyonga zako nyembamba. Usithubutu kuzalia nyumbani. Uchungu wa kwanza tu, uko hapa." Alitarajiwa wiki ya kwanza ya Oktoba. Yeye na Lugembe walikaa wakapiga hesabu. Septemba ilikuwa inakwisha na Masele alikuwa na maili thelathini na tisa. Asipopanda ndege ya Jumanne, tarehe thelathini, kijitabu kitafungwa, maili zitafutwa, na Jumatano asubuhi zahanati itakuwa maili mbili kama mwanzo. Lugembe akapanda baiskeli Jumatatu alfajiri kwenda kumwomba.

Alifika dukani Jumanne saa mbili asubuhi, suruali imepauka vumbi mpaka kiunoni. Masele alikuwa juu ya mzani na mkoba wake.

"Shemeji," Lugembe akasema, "leo usiende."

"Kuna nini, msiba?"

"Bado."

Masele akashuka kwenye mzani. "Hiyo ni ya arobaini, Lugembe. Unajua maana yake? Kiti changu peke yangu pale uwanja wa ndege. Napanda wa kwanza, nashuka wa kwanza. Soda naletewa kabla ya mtu yeyote."

"Soda atakununulia huyu mama hapa, sasa hivi."

"Mbili," Dolatbai akasema kutoka nyuma ya vitenge. "Na kiti nampa. Akae hapo mlangoni mpaka saa nne ndege iondoke."

"Mama, wewe kata tikiti."

"Thelathini na tisa nimekuuzia, Bwana Masele. Hii nakuuzia kwa kuwa ni kazi, si kwa moyo."

"Moyo baki nao." Akamgeukia shemeji yake, akapunguza sauti, kama mtu anayemweleza mwanafunzi mzito. "Babu alifika pwani mara saba, mabega yakaota sugu, na mpaka leo anatajwa. Mimi nitafika mara arobaini bila tone la jasho. Watu wetu hawajawahi kuona hilo."

"Babu yako alitembea mwenyewe," Lugembe akasema. "Zako wewe anazitembea dada yako."

Masele akatazama saa.

"Basi tupe Landrova," Lugembe akasema. "Nikamchukue leo, nimlete huku mjini. Wewe nenda zako."

"Landrova inanisubiri uwanja wa ndege. Nitashuka jioni nikiwa Msafiri Mwandamizi, halafu nirudi mjini kwa miguu, watu wananiona?" Akasukuma kijitabu mezani kwangu. "Silasi, gonga."

Nikagonga.

Sasa niseme ile dhahabu ilikuwa nini, maana nilikuwepo jioni hiyo uwanjani kumkabidhi. Chumba cha abiria kilikuwa kimoja, chenye mabenchi mawili. Tulikuwa tumefunga kamba ya katani katikati. Ng'ambo ya kamba tuliweka kiti chenye mto mwekundu uliotoka nyumbani kwa Dolatbai. Ndege ilipotua, Masele alishuka wa kwanza, akatembea hatua nane mbele ya wenzake, akavuka kamba, akakaa. Akaletewa soda ya machungwa, ya moto, kwa kuwa jokofu lilikuwa bovu. Kisha akasubiri mkoba wake pamoja na wengine, kwani mizigo yote ilikuja na mkokoteni mmoja, na wake ulikuwa chini kabisa maana ndio uliotangulia kupakiwa. Alisubiri dakika arobaini na tano. Hakulalamika. Alikuwa ameishika kadi kwa mikono miwili.

Uchungu ulimshika Siwema Jumanne hiyo hiyo saa sita mchana. Lugembe alikuwa hajarudi, basi mama mkwe wake, Ngollo, akakusanya majirani, wakamlaza kwenye machela ya magunia wakashika njia. Walikuwa wamekwenda maili nne ndege ilipopita juu yao ikirudi Tabora, na Ngollo akasimama kuitazama mpaka ilipozama nyuma ya miti. Baada ya muda mfupi jiwe la tano, ambalo walikuwa wanaliona mbele, lilisogea. Wakaendelea.

Asubuhi ya Jumatano wapagazi waliwapokea machela. Walikuwa wanne, watu wa zamani, wenye shanga shingoni. Hawakuulizwa na hawakueleza. Walimbeba vizuri, kwa hatua moja, bila kumtikisa, maili kumi na moja bila kupumzika. Walipofika kambi yao kwenye jiwe la ishirini na tatu wakamshusha polepole na kukaa chini. Ngollo aliwasihi. Mkubwa wao akamjibu kwamba mwendo wa siku unaishia kambini, ndivyo walivyoajiriwa, na hajapata kuja mtu kuwaambia kwamba ile kazi imekwisha. Ngollo aliwatukana kwa Kinyamwezi na kwa Kiswahili. Walisikiliza kwa heshima. Hawakuinuka.

Mtoto alizaliwa hapo, mchana. Alikuwa wa kike. Hakulia.

Siwema alifikishwa zahanati Alhamisi akiwa hai. Muuguzi alimshughulikia alivyoweza, kisha akafungua daftari na kuandika sababu ya kifo cha mtoto: mama alichelewa kufika.

Ijumaa ya wiki iliyofuata Masele alikuja Mtakuja na Landrova, kadi imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Akasimama uwanja wa kijiji akataja arobaini. Vigelegele vilipigwa, kwa kuwa arobaini ni arobaini na hakuna aliyekuwa amefika pwani mara nyingi hivyo. Siwema alikuwa amekaa mlangoni kwake amejifunga kanga kiunoni kwa nguvu, maziwa yalikuwa yanamsumbua. Kaka yake alimwendea akampa pole. Akamwambia, "Lakini na wewe, Siwema, si ungetoka mapema."

Siwema akamwuliza, "Soda ilikuwa tamu?"

Masele alifikiri anaulizwa kwa wema. Akasema ilikuwa ya moto kidogo.

Mwewe lilikufa miaka miwili baadaye. Ndege moja iliuzwa, nyingine ilibaki uwanjani, kuku wa mlinzi wakataga ndani yake. Kadi ya Masele haikufungua mlango wowote tena. Maili lakini zilikuwa zake maisha, na yeye yuko hai hadi leo, Dar es Salaam, karibu na uwanja wa ndege. Barabara iko vile vile.

Hapo ndipo nilipotaka kuishia. Ila kabla ya kumtumia mkwe wangu nikaona si adabu kuandika habari za mtu bila kumsomea. Siwema huja Ng'ambo kila mwezi kuuza asali. Nilimweka kitini, nikamsomea toka juu hadi chini. Alisikiliza huku anafunga na kufungua fundo la kanga.

"Umemaliza, Mzee Silasi?"

"Nimemaliza, Bi Siwema. Kuna uongo?"

"Umeandika vizuri. Barabara ilikuwa maili ngapi mwanzo?"

"Mbili."

"Kaka yangu aliongeza ngapi?"

"Arobaini."

"Mimi nimeitembea barabara hiyo miaka hamsini," akasema, "na jiwe la mwisho, pale mlangoni kwa muuguzi, limeandikwa arobaini na tano. Tatu za nani?"

Nikasema labda fundi alikosea. Akaningoja. Nikasema mawe ya siku zile hayakuwa ya kuaminika. Akaendelea kuningoja, na alikuwa na mchana mzima.

Basi nikasema. Wafanyakazi wa Mwewe tulipata tikiti za bure, na mimi nilikwenda Dar es Salaam mara tatu kutazama mpira. Kijiji nilichoandika kwenye fomu ni Mtakuja, maana nilikuwa na matuta mawili ya mahindi kule ya kuwaonyesha wakaguzi wa kilimo, waliotaka kila mtu awe na shamba. Muhuri wa kufuta ulikuwa mezani kwangu. Tarehe thelathini Septemba nilifuta vijitabu vya watu kumi na saba. Changu sikukigonga. Nilifikiri mwakani nitaongeza.

Siwema hakusema neno baya. Alisema Jumatano kuna binti wa jirani yake atapelekwa zahanati, na machela ina nafasi ya mtu mbele.

Nilikwenda. Nilishika mbele, bega la kulia, toka mlangoni kwa binti huyo. Magoti yangu ni mabovu na nilisimama mara sita, na kila niliposimama binti alifumba macho. Kwenye jiwe la tatu Siwema akanigusa mgongo. "Hizo ndizo zako," akasema. "Shusha." Nikashusha. Jiwe lilikuwa bado la tatu, kubeba kwangu hakukuifupisha barabara. Mbele yetu zilibaki mbili za tangu zamani na zile arobaini, na mwenye nazo hakuwepo. Ngollo, aliyezoea kupokea hapo, alikwisha kufa, kwa hiyo Siwema mwenyewe akaingia pale nilipotoka, akakunja kanga akaiweka begani, wakaondoka.